Konstantinopoli ya Vidole Vitano

Kwa majuma matatu nilikosa usingizi kwa sababu ya ramani. Ningependa kusema kwamba ni kwa sababu ya haki, au ya dhamiri, lakini nikijichunguza vizuri naona ilikuwa ramani tu: ukurasa wa arobaini na moja wa silabusi, kitabu cha somo la profesa wangu, mchoro wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wa mashariki na baadaye wa Waturuki, umechorwa kama mkono wenye vidole vitano uliozamishwa majini. Niliuchapa mimi. Nilikaa mbele ya kompyuta ya idara, nikaweka mchoro mahali pake, nikaandika maelezo chini yake, na kwenye jalada nikaandika jina la profesa kama alivyoniagiza. Wakati ule ule nilijua kwamba mchoro si wake, na nilijua ni wa nani. Nilijua pia kwamba profesa ndiye atakayepeleka jina langu mbele ya baraza la kitivo ili niwe asistanti kamili, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu, baada ya miaka miwili ya kuzunguka mji na diploma ndani ya bahasha.

Basi, nikinyamaza, mimi ni mwizi au ni mchapaji tu? Nikisema, nitakuwa ninamtetea mzee au ninajitafutia sifa kwa mgongo wake? Na kama mzee mwenyewe hataki kutetewa? Na kama amekwisha kusahau? Niliyageuza maswali haya kwenye godoro mpaka mama yangu akaniuliza, kwa upole uliotisha kuliko ukali, kama nina mimba.

Kabla sijasema nilichoamua, lazima nimweleze mzee huyo. Jina lake silitaji hapa. Siku hizi mji wetu si mji wa kuandika majina ya watu ovyo, na yeye mwenyewe alinikataza kumwandika. Nimemtii nusu.

Alikuwa mwalimu wetu wa historia kwenye sekondari ya mapadri. Waliotutangulia walimwita Byzance, jina la kale la Konstantinopoli kwa Kifaransa, kwa sababu programu ya wizara ililipa somo hilo kurasa mbili, naye alilipa muhula mzima. Hakuwahi kufika Istanbul, kama mji ule unavyoitwa leo. Safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya Bunyakiri, mkoani humu humu, kwenye harusi, na alirudi akilalamika juu ya barabara kwa mwaka mmoja. Lakini mji ule aliujua kama mtu anavyoujua uwanja wa nyumba ya baba yake, na alitaka sisi pia tuujue hivyo, si kwa kukariri.

Siku ya kwanza alikataza madaftari. Alichukua chaki na, bila kuinua mkono, akachora mji wetu, Bukavu: rasi zetu tano zilizoingia ziwani, zile ambazo kila mtoto wa hapa huambiwa kwamba ni vidole vya mkono. Akauliza nani anakaa Nyalukemba, nani anakaa Muhumba, nani anatoka Kadutu juu mlimani. Kila mmoja alipanda mbele kuweka kinukta cha nyumba yake. Kisha mwalimu akaandika juu ya mchoro, kwa herufi kubwa: KONSTANTINOPOLI.

"Sasa munakaa huku," alisema. Akanigeukia mimi. "Weye, nyumba yenu imeanguka mu jumba la mufalme. Usijivune. Tutakuchoma siku ya tano."

Alifundisha hivyo. Wavulana warefu walisimama mstari mmoja wakawa ukuta wa upande wa nchi kavu. Mnyororo uliofunga ghuba ili meli za adui zisipite, aliufunga kwa maneno kutoka kidole hadi kidole, na tulipopita huko Jumamosi tulitafuta kwa macho mahali ungefungwa. Alipofika kwa sultani wa Waturuki aliyevutisha merikebu juu ya kilima ili aukwepe mnyororo, alituuliza tungepita wapi kama tungetaka kuvuta mtumbwi mzito kutoka upande mmoja wa Nyalukemba hadi mwingine bila kuonekana. Tulibishana juma zima. Watoto wa Muhumba walishtakiwa uhaini.

Na somo la mwisho aliingia na kitambaa kibichi. Alichora tena mkono wetu wote, halafu akafuta vidole vinne. Kilichobaki alikinenepesha, akakigeuza, akakipa vilima saba, maji pande tatu na ukuta upande mmoja. Huo ndio ulikuwa mji wenyewe, jinsi ulivyo kweli. "Vile vidole vilikuwa magongo," alisema. "Mulikuwa hamujui kutembea. Sasa tupeni magongo." Msichana mmoja aliangua kilio kwa sababu nyumba yao ilikuwa kwenye kidole cha pili. Ilikuwa nukta ya chaki tu, lakini nilimwelewa.

Kuna miaka ambayo somo hilo la mwisho halikufika. Risasi zilianza kabla ya muhula kwisha, shule ikafungwa, watu wakakimbia, na waliporudi, kama walirudi, walipandishwa darasa ili maisha yaendelee. Kwa hiyo Bukavu ina watu wazima, mafundi, wauguzi, wakili mmoja ninayemfahamu, ambao mpaka leo wanaamini kwamba Konstantinopoli ilikuwa na rasi tano. Sidhani kosa hilo lipo mahali pengine duniani. Ni kosa letu, vita vilitupa. Nikilifikiria napandwa na hasira, kisha najiuliza nimkasirikie nani hasa, na orodha inakuwa ndefu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na hasira ya kudumu, iliyotulia kama makaa chini ya majivu. Hakuchukia washindi kwa sababu walishinda. Alichukia walivyoandika. Alitusomea jinsi kila aliyeingia mjini alivyodai kwamba ameukuta mchafu, umekufa, unamngoja yeye. "Kila mushindi anasema mji ulizaliwa siku alipoingia," alituambia. "Muulizeni: jana yake nani alipika mukate?" Hilo lilikuwa swali lake la mtihani, mwaka baada ya mwaka. Nani alipika mkate siku moja kabla, na nani alipika siku moja baada. Aliyejibu kwa jina la mfalme alipata sifuri.

Ni yeye aliyetufundisha kwamba mji ule wa Kikristo uliporwa kwanza na Wakristo wenzao, mashujaa walioshona msalaba kwenye nguo, waliopotea njia ya Yerusalemu wakafika kwenye dhahabu. Alilifundisha hilo kwenye shule ya mapadri, chini ya msalaba wa ukutani, bila kupunguza sauti. Mkuu wa masomo, padri, alimwita ofisini. Tulikuwa tunafagia kolido, tukasikia. Padri hakubisha kwamba ni kweli. Alitaka tu kujua kama ni lazima watoto wajue mambo yote ya kweli kwa wakati mmoja. Mwalimu alijibu kwamba yeye hupiga magoti kila asubuhi katika misa ya kwanza, kama padri anavyoona, lakini humpigia Mungu, si jeshi. Kesho yake alikuwa kwenye misa ya kwanza, benchi lile lile, na padri akampa komunyo. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo, na somo halikubadilika hata neno.

Nisimfanye mtakatifu. Darasani alikuwa dikteta. Mchelewaji alimwita Mbarbari na kumwacha nje ya ukuta, yaani nje ya mlango, hata mvua ikinyesha. Hakuvumilia kusahihishwa: nilimsahihisha mara moja jina la malkia, na kwa siku tisa macho yake yalinipita kama dirisha. Siku ya kumi alisema mbele ya wote kwamba niliyosema ni kweli, kwa sauti ya mtu anayetapika. Na yeye aliyelaani himaya zote, alikuwa na himaya yake: ua wa michongoma mbele ya nyumba yake huko Nyalukemba, ambao kila msimu wa mvua ulisogea kidogo kwa jirani. Jirani, mtu wa forodha, mcheshi, alimsimamisha siku moja barabarani akamwambia mbele ya watu:

"Papa, Muturuki wa hii avenue ni weye."

Mke wake, ambaye sote tulimwita Maman, alicheka mpaka akakaa chini. Maman ndiye mtu pekee ambaye mwalimu hakujaribu kumshinda. Aliwaambia wageni kwamba mume wake anajua chumvi ya Konstantinopoli ilitoka bandari gani, lakini chumvi ya nyumbani kwake hajui iko kwenye kopo gani.

Mji wetu ulipobadilisha wenye amri, wale wa bunduki za kwanza wakiondoka na wale wa bunduki za pili wakiingia, tulijifungia ndani. Yeye, na macho yake ambayo tayari yalikuwa yameingia ukungu, alitoka asubuhi ya pili na fimbo. Maman alimfuata akimtukana kwa Kimashi, lugha ya kwao, barabara nzima. Alipanda mpaka soko la Kadutu. Baadaye nilimuuliza alikwenda kutafuta nini siku kama ile. Aliniambia alitaka kujua kama wamama wa mikate wametandika. Walikuwa wanne, mikate yao imefunikwa nailoni, wanaangalia huku na huku. Alinunua mmoja akaula palepale, amesimama, bila chai. Wakati ule nilimwona mzee wa ajabu. Sasa nadhani alikuwa akijibu mtihani wake mwenyewe.

Hapo alikuwa amekwisha kuacha kufundisha. Hakuna aliyemuaga. Siku macho yalipokataa ubao, alimkabidhi mkuu wa masomo rejista, akashuka nyumbani kwa miguu. Miaka yote ile, watoto wote wale, na shule haikuimba hata wimbo mmoja. Nasikia mkuu mpya alitumia kabati lake kuweka mipira.

Sasa profesa. Alinipa kazi ya kuchapa silabusi ya miji mikuu ya himaya za kale, na alichonipa nichape kilikuwa daftari la shule, jalada limepauka, mwandiko wa kijana wa miaka kumi na sita, mzuri, wa kuinama kulia. Ukurasa wa kwanza nilitabasamu. Wa pili niliacha kuchapa. Ilikuwa sauti ya mwalimu, sentensi kwa sentensi, hata swali la mkate lilikuwemo. Daftari lilikuwa la profesa mwenyewe: alikuwa mwanafunzi wa mwalimu, miaka mingi kabla yangu, mwaka mmoja wa vita. Nilipofika kwenye ramani ya vidole vitano nilikwenda kumuuliza, kwa adabu zote, niweke chanzo gani.

"Weka: mchoro wa mwandishi," alisema, bila kuinua kichwa. Kisha akaongeza kwamba asistanti mzuri ni yule anayechapa haraka.

Nilichapa haraka. Silabusi ikatolewa, na kama ilivyo desturi kwetu, asiye nayo hakai mtihani. Mimi ndiye niliyepewa mazoezi ya kila Jumanne na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa muda, mpaka baraza likae. Nilisimama mbele yao mara tatu na kitabu kile mkononi. Mara tatu niliruka ukurasa wa arobaini na moja.

Jumapili ya tatu, baada ya misa ya pili, nilikwenda Nyalukemba. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, nikaisahau langoni. Mwalimu alikuwa barazani, uso umeelekea ziwa ambalo halioni tena ila kama mwanga. Nilimwambia yote: daftari, jalada, jina, mimi kuchapa. Akasema nisome.

Nilisoma kurasa tatu za silabusi. Kufikia ya pili midomo yake ilikuwa inatangulia sauti yangu.

"Namukumbuka," alisema niliponyamaza. "Benchi ya tatu, karibu ya dirisha. Alikuwa na mwandiko muzuri."

"Mwandiko muzuri ndio ule unakuibia sasa," Maman alisema kutoka jikoni.

Mimi nilingoja ghadhabu. Nilikuwa nimekuja kuichukua, niseme kweli. Nilitaka akasirike ili hasira iwe yake na mimi niwe mjumbe tu. Lakini mzee alisema kwa utulivu kwamba hata yeye maneno yale hakuyaumba, aliyatoa kwenye vitabu alivyoazimwa na padri mmoja mzee, akayapika upya. Hakuna mtu aliyezaliwa na historia mdomoni, alisema. Nilikuwa nimewaka kwa ajili yake, na yeye hakutaka kuupokea moto. Nilianza kufunga silabusi.

"Na ramani?" aliuliza. "Aliweka ramani?"

Nilifungua ukurasa, nikachukua kidole chake cha shahada, nikakipitisha juu ya mistari. Kidole kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Alipofika rasi ya tatu mkono wake ukawa mzito.

"Ziko ngapi?"

"Tano, mwalimu."

"Mu université?"

"Ndiyo."

Alisimama. Sikumwona amekasirika hivyo tangu nilipokuwa mtoto, na hasira haikwenda kule nilikoitarajia.

"Yeye hakuona somo la mwisho," alisema. "Ule mwaka tulikimbia. Nilimuona mu njia ya Nyangezi na mama yake, amebeba godoro ku kichwa. Hakurudi tena ku darasa yangu. Yeye hajui. Lakini weye ulikuwa pale. Nilifuta mbele ya macho yako. Na weye ndiye umechapa."

Majuma matatu nilikuwa nimejiuliza maswali kumi na saba, na hilo halikuwemo.

"Jina wachukue," aliendelea, akiwa bado amesimama. "Ule mji, watu walikufa ku ukuta yake. Mutu akikufa kwa kulinda ukuta, haumuambie mutoto wake ukuta ulikuwa mahali pengine. Ni uongo gani huo? Na wanautoa mu magongo yangu."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli jina wachukue tu.

"Anajifanya," Maman alisema. Alikuwa amefika mlangoni, mikono ina unga. "Analitaka. Lakini kuomba hajui."

Mzee hakumkanusha. Alikaa, akatafuta fimbo yake kwa mguu, akanipa ujumbe wa kumpelekea profesa. Kisha akasema niende, nimechelewa chakula cha mama yangu.

Jumanne nilipanda ngazi za kitivo nikifikiria baraza, mama yangu, bahasha ya diploma, na kila mtu atakayesema kwamba nimejiharibia mwenyewe. Nilifikiri nitangulie kuomba ruhusa, halafu nikafikiri ni nani huomba ruhusa ya kusema ukuta ulikuwa wapi. Niliingia. Niliwaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa arobaini na moja na waukate kwa kalamu, mstari kutoka pembe hadi pembe. Nikawachorea mji wenyewe, rasi moja, vilima saba. Nikaeleza mchoro wa kwanza ulitoka darasa gani, ulikuwa wa kazi gani, nani aliuchora kila mwaka na kuufuta kila mwaka. Nikaandika jina la mwalimu ubaoni, jina lote, herufi kubwa.

Halafu kijana mmoja wa nyuma akasema:

"Asistanti, sisi tuliona zamani. Hii ni Bukavu. Hata nyumba yetu iko pale."

"Mbona hamukusema?"

"Ni ya profesa," alisema, na darasa zima likacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko wizi wenyewe. Vijana zaidi ya mia moja walikuwa wameangalia ziwa lao wenyewe na kuandika Bosforasi, mlango-bahari wa Konstantinopoli, kwa sababu jalada lilikuwa na cheo.

Msichana wa mbele aliinua mkono. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hana mwaka wa kupoteza.

"Sasa ku mtihani tutachora ya gani?"

Nilimwambia achore ya kweli. Akiulizwa nani kamfundisha, asitafute maneno: niliandika jina langu ubaoni chini ya lile la mwalimu, nikawaambia wayanakili yote mawili.

Kisha nilishuka ghorofa mbili nikagonga kwa profesa, ili asisikie kwa wengine. Nilimweleza nilichofanya, kwa mpangilio, bila kuomba radhi. Alisikiliza akizungusha kalamu. Aliniuliza kama ninajua kwamba baraza linakaa Ijumaa. Nilisema ninajua, na kwamba jina langu naliondoa mwenyewe, asipate taabu ya kutafuta sababu. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa. Niliiweka mezani kwake.

Alikuwa ameanza kuifungua niliposema kwamba bado kuna ujumbe.

"Mwalimu anakukumbuka," nilimwambia. "Anasema mwaka wako haukwisha. Uje Jumapili, baada ya misa ya pili."